Kamera ya Mama Suzana

Kwa miaka mingi, mtu wa Mpanda mjini akisema anakwenda kupiga picha, alimaanisha anakwenda kwa Ezekia Maduhu. Baba yake Ezekia alihamia Mwamkulu, kijiji cha karibu na mji, na ng'ombe kutoka upande wa Maswa, akitegemea mwanawe atashika fimbo baada yake. Ezekia akauza ndama wake, akanunua kamera ya Pentax ya filamu, akafungua studio ya mabati karibu na soko. Ndani alitundika pazia lenye maua na kuweka kiti cha kuzunguka. Watu wakamwita Ngosha, jina la utani la wanaume wa Kisukuma, na jina likabaki hivyo.

Filamu ilipojaa aliipeleka stesheni, ikapanda treni kwenda kusafishwa Tabora. Wateja walingoja wiki, pengine zaidi. Siku ya kuchukua picha walifungua bahasha polepole, wakiwa na wasiwasi, na Ezekia alisimama pembeni akiwatazama. Hiyo ndiyo dakika aliyoipenda kuliko zote. Mpaka bahasha ifunguliwe, hakuna aliyejua picha imetokaje, na wote walikuwa wamemwamini yeye.

Mkewe, Odeta, mama wa binti yao Suzana, alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia nchi yao mwaka sabini na mbili. Ezekia alimfundisha kazi mwenyewe: kupima mwanga kwa jicho, kubana viwiko mbavuni, kuzuia pumzi kabla ya kubonyeza. Odeta alipiga picha za pasipoti pale studio. Harusi na sherehe zilikuwa za Ezekia.

Halafu shangazi yake Odeta, Sista Générose, akaja likizo kutoka Kigoma. Alikuwa akipiga picha za mikutano ya shirika lao, na sasa alikuwa amepewa kamera mpya. Ile ya zamani akamletea Odeta, imefungwa ndani ya taulo.

"Hii ni ya kwako wewe," Sista alisema, akimtazama Odeta, si Ezekia. "Ni ya siku nyingi, lakini haijachoka."

Ilikuwa Canon ya rangi ya fedha, mwili wa plastiki, moja ya zile za kidijitali za kwanza kabisa ambazo mtu wa kawaida angeweza kununua, yenye lenzi ya kuchomoa kama ya Pentax. Juu kulikuwa na gurudumu lenye vialama: kichwa cha mwanamke, mlima, ua, mtu anayekimbia, na kisanduku cha kijani cha kuiachia kamera ifanye yote yenyewe. Mgongoni kulikuwa na kioo kidogo, kipana kidogo tu kuliko kiberiti. Ukiiwasha ilikaa kwanza, kama mtu anayeamshwa, ndipo ikawa tayari. Ukibonyeza mfululizo ilipiga picha nne, kisha ikagoma mpaka izimalize kuziandika kwenye memori kadi.

Ezekia aliipokea, akaipima uzito mkononi, akacheka.

"Hiki ni kidoli, Mama Suzana. Picha gani itatoka humu?"

Odeta akainua kamera, akamlenga, akabonyeza. Flashi ikaruka juu yenyewe. Kisha akageuza kamera, na Ezekia akajiona kwenye kile kioo, kinywa wazi, bado anacheka.

Odeta hakusubiri Tabora. Hakusubiri hata kesho. Ezekia alirudisha kamera mezani na kwenda nje kunawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Kipindi hicho ndipo wale waliokuwa wakimsafishia filamu Tabora walipofunga kazi, kwa kuwa filamu zenyewe zilikuwa hazipatikani tena. Ikabidi apeleke Dar es Salaam. Wateja wakaanza kulalamika. Upande wa pili, Odeta alitoa kadi kwenye kamera, akavuka barabara hadi kwenye steshenari ya Selestine, na jioni ileile mtu alikuwa na picha zake mkononi. Katavi ilikuwa mkoa mpya, na kila wiki kulikuwa na uzinduzi, semina au mgeni. Watu wakaja studio kumwulizia mtu mmoja.

"Shikamoo, Ngosha. Mama Suzana yupo?"

"Marahaba. Nipo mimi."

"Aa, basi tutarudi."

Aliisikia hiyo "tutarudi" hadi akaanza kuiona midomoni mwa watu kabla hawajaitamka.

Kwenye Komunyo ya Kwanza ya watoto wa parokia walikwenda wote wawili. Ezekia alipanga watoto ngazini kama alivyozoea, akapiga Pentax yake, akawaambia watawanyike. Hawakutawanyika. Walimkimbilia Odeta. "Tuone! Tuone!" Mama zao nao wakaja. Na kwa vile kile kioo kilikuwa kidogo na jua lilikuwa kali, ilibidi mtu ainame karibu kabisa, huku Odeta amekikinga kwa khanga, ndipo aone kitu. Mwalimu Richard, aliyeongoza kwaya, aliinama hivyo. Shavu lake lilikuwa karibu na sikio la Odeta. Akasema jambo, Odeta akacheka.

Ezekia alisimama ngazini, Pentax kifuani, akahesabu vichwa vilivyomzunguka mke wake, akaacha.

Ezekia alingoja wafike kwao ndipo akauliza.

"Richard alikuwa anakuambia nini?"

"Kwamba nimemfanya mwembamba." Odeta alicheka tena alipokumbuka. Kisha akamwangalia. "Baba Suzana, umekasirika?"

"Nikasirike kwa nini?"

"Ukitaka ujifunze, nikuonyeshe. Sio ngumu. Wewe ungenipita mara moja."

"Mimi kazi yangu naijua."

Lakini Jumamosi, Odeta alipokwenda mazoezi ya kwaya, Ezekia alifunga mlango wa studio kwa ndani, akaitoa kamera kwenye mkoba. Aligeuza gurudumu, akabonyeza kila kitufe, akatazama kilichobadilika. Alichungulia, akaona vile vidoa saba vinavyowaka vyekundu kimoja kimoja kutafuta uso wa mtu. Aligundua pale unapoiambia kamera uko juani, kivulini, au chini ya balbu, na kwamba ukiidanganya inatoa rangi za ajabu. Aligundua kijimshale cha kuongeza na kupunguza mwanga. Kila Jumamosi alirudia, kisha akafuta picha zake na kurudisha kila kitu kilipokuwa. Zilikuwa picha nzuri. Hilo lilimuuma zaidi. Kamera ilimtii kama inavyomtii mkewe, na yeye asingeweza kumwambia mtu yeyote hivyo bila kujishusha.

Mwaka ule ikatangazwa kwamba watu wa Katumba watapewa vyeti vyao vya uraia. Mzee Yohani, baba yake Odeta, ambaye Odeta alimwita Data kwa Kirundi, alikuwa amengoja tangu ujana wake. Alivuka mpaka akiwa kijana mwenye jembe na mke mjamzito, akafyeka pori, akalima mihogo na tumbaku, akazika mke huko, na muda wote huo karatasi zake zilisema mkimbizi. Gervas, katibu wa kamati ya sherehe, alipofika studio hakumtazama Ezekia kabisa.

"Mama Suzana, tumekuchagua wewe. Kila anayepewa cheti apigwe akiwa anapeana mkono na mgeni rasmi."

"Na mimi?" Ezekia aliuliza, kama mtu anayetania.

Gervas aliona haya. "Ngosha, kamati imetaka picha za kuondoka nazo siku hiyohiyo. Sio kwamba..."

"Nimeelewa."

Asubuhi ya sherehe Odeta alikuwa uani anamsuka Suzana. Kamera ilikuwa mezani, betri imejaa, Odeta ameshaijaribu jana. Ezekia aliiwasha. Akaiambia kwamba iko chini ya balbu. Akashusha kijimshale hadi mwisho wa giza. Akaona bado, akashusha na ukubwa wa picha hadi ule mdogo kabisa. Akaizima, akairudisha ilivyolala.

Hakutaka Odeta aharibikiwe kabisa. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alijua kwamba juani kile kioo hakisomeki, na kwamba Odeta angepiga watu wengi kabla hajagundua. Wataanza na vijiji vya karibu. Kijiji cha Mzee Yohani kiko mwisho wa orodha. Odeta angechanganyikiwa, watu wangenung'unika, na Ezekia angepita mbele na Pentax yake taratibu, kama mume anayemsaidia mkewe. Angepiga waliobaki, Mzee Yohani akiwemo. Alikuwa ameshaiona sura ya Gervas akimshukuru.

Walifika Katumba kwa pikipiki, Suzana katikati yao. Uwanja wa shule ulijaa. Odeta akaitwa mbele ya hema, Ezekia akabaki nyuma na watu wengine. Mgeni rasmi akahutubia. Kisha MC akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, kuna mabadiliko kidogo. Tumeona tuanze na wazee wetu, wasichomwe na jua. Wa kwanza, Mzee Yohani..."

Makofi yalizima jina lililofuata. Mzee Yohani alikuwa akitembea, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote, fimbo ameiacha kwenye kiti makusudi. Odeta alishuka goti moja na kuinua kamera.

Ezekia angeweza kupaza sauti. Watu waliomtenga na hema hawakuwa wengi. Angeweza kusema "Mama Suzana, angalia kamera," na mambo yangeishia hapo kwa aibu ndogo. Kinywa chake kilifunguka. Akamwona Gervas amesimama jirani na Odeta, akimwelekeza kwa mkono, Odeta akiitikia kwa kichwa. Akakifunga. Pentax ilikuwa shingoni mwake, ina filamu. Nayo hakuiinua.

Mzee alipokea cheti kwa mikono miwili. Odeta akabonyeza, picha nne mfululizo, kamera ikagoma kama kawaida yake. Mgeni rasmi akaachia mkono wa mzee na kumgeukia anayefuata. Odeta akavuta khanga begani, akakikinga kioo, akatazama.

Picha zote nne zilikuwa giza la buluu. Kisha vidole vyake vikaanza kufanya kazi, kitufe kwa kitufe. Aliyefuata alikuwa bibi mmoja mfupi. Odeta akampiga, akakinga, akatazama, akaendelea. Hakukosea tena. Watu wote wa Katumba walioitwa siku ile walipata picha zao safi, wamesimama juani, meno yanaonekana. Asiyepata ni baba yake.

Alipomaliza alimtafuta Ezekia kwa macho juu ya vichwa vya watu, akamkuta mara moja.

Walikutana nyuma ya madarasa.

"Nani ameshika kamera yangu?"

"Labda Suzana..."

"Usimtaje mtoto." Sauti yake haikupanda. "Mtoto anaweza kugusa kitufe kimoja. Hapa vimeguswa vitatu, na kila kimoja kimewekwa pabaya kuliko pote. Hiyo ni kazi ya mtu anayeijua. Umejifunza lini?"

Ezekia alitazama vumbi la viatu vyake. "Ukienda kwaya."

"Jumamosi zote zile?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuambia nitakufundisha. Ukasema kazi yako unaijua. Kumbe ulikuwa unajifunza ili unizike mbele za watu." Aliivuta kamera kifuani. "Na Data alipoitwa wa kwanza? Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Kamera yako ilikuwa shingoni. Ulimpiga?"

"Sikumpiga."

"Kwa nini?"

Ezekia aliishika Pentax shingoni mwake. Odeta akamwita Suzana na kumshika mkono.

"Rudi Mpanda. Sisi tunabaki kwa Data."

Ilikuwa likizo ya shule, kwa hiyo Ezekia aliwaambia majirani kwamba wamekwenda kusalimia. Alikaa studio. Watu walichungulia, wakamwulizia Mama Suzana, wakasema watarudi. Selestine wa steshenari akamwambia, bila ubaya wowote, kwamba Odeta amekwenda kupiga harusi Mishamo, na kwamba Mwalimu Richard ndiye aliyempeleka kwa pikipiki. Ezekia alikwenda nyumbani mchana huo akalala kifudifudi. Aliwaona wakiinamia kile kioo. Aliona khanga, sikio, shavu. Alijua Richard ana mke na watoto, na kwamba barabara ya Mishamo ni ndefu na pikipiki ni ya kanisa. Haikumsaidia. Akagundua kwamba hata Richard angekuwa mwanamke, bado angeumia. Kilichomuuma ni kwamba mtu alihitajika mahali, na mtu huyo hakuwa yeye.

Mwisho alikwenda Katumba. Hakuanza na Odeta. Alimkuta Mzee Yohani anamenya mihogo kivulini, akasimama mbali, jinsi mkwe wa Kisukuma anavyopaswa, macho chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

"Sitakaa kwanza. Baba, ile picha yako. Odeta hakukosea. Mimi ndiye niliyeichezea kamera. Nilimwonea wivu."

Mzee aliendelea kumenya mhogo hadi ukaisha. "Mkeo aliniambia ni jua."

Ezekia hakuamini masikio yake. "Alisema hivyo?"

"Alisema jua lilimsumbua. Nikajua ananificha kitu, maana alikuwa analia, na jua halimlizi mtu." Akachukua mhogo mwingine. "Kwa hiyo ulitaka nini?"

"Nimekuja na Pentax. Nimepata na filamu. Vaa koti lako, baba, shika cheti, nikupige hapa vizuri. Nitampata hata kiongozi mmoja, akupe mkono."

"Unataka tuigize."

"Nataka nirudishe."

"Hairudi." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto habari ya mvua. "Siku ile nilitembea bila fimbo. Leo goti limekataa. Siku ile mkono wangu ulikuwa unatetemeka kwa sababu ya cheti. Leo utatetemeka kwa uzee. Hiyo picha yako ningeitazama nikajiona mwongo. Acha niwe na ile ile."

"Haionekani, baba."

"Naiona mimi."

Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka nayo. Selestine alikuwa amejaribu kuing'arisha kwenye kompyuta, lakini ilikuwa ndogo mno na giza lake zito mno. Kila kitu kilikuwa buluu: hema, udongo, mikono. Uso wa mzee ulikuwa doa. Kilichosomeka vizuri kilikuwa cheti tu, cheupe, katikati ya vidole vya watu wawili.

Ezekia aliipokea. Mara hii alikaa chini.

Odeta alirudi Mpanda shule zilipofunguliwa. Alisimama mlangoni na mabegi, akasema kabla hajaingia, "Nimerudi kazini kwangu. Ya nyumbani tutaona." Akaandika ubao mpya wenye jina lake na kuupigilia juu ya mlango wa studio, na Ezekia akamshikia ngazi. Kwa miezi kadhaa kamera ililala upande wake wa kitanda. Siku moja tu aliiacha mezani na kwenda sokoni, na alipokuja mteja wa pasipoti Ezekia alimpiga nayo. Odeta aliporudi akatazama kioo. "Kidevu kimeshuka," alisema, akaweka nyanya ndani.

Wivu haukumwisha. Bado watu walifika na kuuliza Mama Suzana yupo, na bado kitu kilimchoma hapa chini ya mbavu. Alizoea kungoja kipite, kisha akajibu kwamba yupo, anakuja, karibuni mkae.

Krismasi walikwenda Katumba. Nyumba ilijaa wageni, na picha ile ndogo ilikuwa imetundikwa sebuleni ndani ya fremu kubwa kuliko inavyostahili. Binamu yake Odeta, Ladislas, aliyekuwa amekuja kutoka mbali, alisimama mbele yake na soda mkononi, akacheka.

"Odeta, hii ndiyo ulimpiga mzee? Na picha za watu wengine zote zimetoka! Dada, siku hiyo ulikuwa umelala?"

Watu wakacheka pamoja naye. Odeta alikuwa anapakua wali, akainamisha kichwa na kutabasamu, kama ambaye ameshaizoea. Ezekia alielewa kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Kila mgeni aliyeingia humu alikuwa akiuliza hivyo, na kila mara jibu lilikuwa jua.

"Hakulala," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mke wangu hakukosea kitu. Asubuhi ile niliiharibu kamera yake kwa makusudi, kwa sababu watu walikuwa wanamtaka yeye na hawanitaki mimi. Halafu nikasimama pale nikaona mzee anaitwa, nikanyamaza. Hiyo picha ni yangu mimi, Ladislas. Ukicheka, nicheke mimi."

Mzee Yohani alikuwa akitazama sahani yake. Ladislas aliweka soda chini, hajui aangalie wapi.

Odeta akajaza sahani, akaweka nyama juu, akapita katikati ya wageni na kumpa Ezekia mkononi, kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kula," alisema. "Kinapoa."